Afande wa Milingoti

Baba yangu aliitwa Yusufu Isabirye, mzaliwa wa Jinja. Mama yangu aliitwa Hadija Nambozo, mzaliwa wa Wanale, hapa hapa chini ya mwamba huu unaouona kila ukifungua mlango. Mimi nilizaliwa Jinja, nyuma ya kambi, kwa sababu baba alikuwa fundi cherehani na kazi yake ilikuwa kushona na kupunguza sare za askari. Kiswahili nilikipata hapo, katikati ya vitambaa vya kijani na wanaume wenye sauti kubwa, lakini baba hakukubali nikiseme kama kilivyosemwa kambini. Shule sikwenda. Wewe umekwenda, mjukuu wangu, kwa hiyo kalamu ni yako na maneno ni yangu. Usiyapambe. Nikikosea, niulize, usinirekebishe kimyakimya.

Nataka uandike habari za mtu ambaye hana picha. Alifanya kazi na kamera mpaka nywele zikageuka nyeupe, na hakuna hata kamera moja aliyoiruhusu imtazame kwa hiari yake. Jina lake nalijua, lakini halikutumika kwetu, nami sitalitumia sasa. Watu wa Busiu walimwita Afande wa Milingoti. Alikuwa mtu wa kaskazini, Mkristo, aliyewahi kuwa askari wa upande wa redio. Kwao ni wapi hasa na alizaliwa na nani, hayo hayakuhusu. Linalokuhusu ni hili: mtu huyo alilinda kaburi la babu yako lisifukuliwe, mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu hiyo alipoteza kazi na heshima. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Babu yako, mume wangu, alikuwa mchuuzi wa kahawa na ngozi. Alihamahama maisha yake yote, mara Jinja, mara Mbale, mara mpakani, kila mara akikimbia bunduki za mtu fulani au akifuata bei. Alipochoka alinunua shamba ng'ambo ya Busiu, lenye kilima kidogo katikati. Alipokuwa akiumwa aliniambia, "Mimi nimehama vya kutosha. Nikilala, niacheni." Tukamzika juu ya kilima kile. Nami nilimwahidi.

Halafu wakaja watu wa machimbo. Walitaka mawe yaliyo chini ya mashamba yetu, wakakubaliana na wenye mashamba wote, na mimi pia, maana shamba bila mwenye nguvu za kulima ni kichaka. Majirani walihamisha makaburi yao. Walichinja, walifukua, walizika upya kwingine, wakafanya vizuri kwa desturi yao. Mimi nilikataa. Nilisema shamba chukueni, kilima niachieni. Walikubali, lakini wakaongeza neno moja: tutakiacha kwa sasa. Tangu siku hiyo niliishi ndani ya maneno hayo mawili, kwa sasa. Shimo lilikuwa likipanuka kila msimu, kilima kikawa kama kisiwa ukingoni, na lango lilifungwa kwangu, kwa kuwa baruti hurusha mawe na hawakutaka mwanamke mzee ndani.

Nikafungua hoteli pale Busiu, kando ya barabara ya kwenda Tororo. Usiandike hoteli ukadhani ni ghorofa. Ilikuwa banda la bati, benchi, meza, chai, chapati, posho ya unga wa mahindi na maharage. Kutoka kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango, ungeweza kuona ukingo wa shimo.

Yeye alikuja kwa ajili ya kiti hicho. Aliingia siku ya kwanza, mrefu, kofia mkononi, akakuta kimekaliwa na kondakta wa teksi, yale mabasi madogo ya abiria. Akasimama kando kama mtu aliyeko kwenye gwaride mpaka yule kondakta akaona haya na kuondoka.

"Mama, chai iko?"

"Chai ipo. Viti pia vipo vingine."

"Hii ndiyo naona mlingoti yangu."

Nikatazama alipokuwa akitazama. Juu ya kilima cha babu yako, kando ya lile kaburi, kulikuwa kumesimama mlingoti mwembamba ambao jana yake haukuwapo.

Sasa nitakueleza milingoti hiyo, maana wewe unaijua simu lakini hujui simu hiyo inapata wapi pumzi. Shimo la machimbo halina kuta za kutundikia kitu, na umbo lake hubadilika kila siku. Kwa hiyo mlingoti huwekwa juu ya trela yenye magurudumu. Hukokotwa mpaka mahali pake, miguu minne ya chuma hufunguliwa na kukazwa chini, kisha mabomba yaliyolala moja ndani ya jingine hupanda, moja likitoka ndani ya mwenziwe, mpaka juu kabisa. Huko juu kuna kamera, na kuna kisanduku cha kupitisha mtandao bila waya, ili malori, makatapila na watu wa ofisini waonane na kusikizana. Chini kuna sola na betri. Kabla ya baruti mlingoti hushushwa, na ukiwa karibu sana na mlipuko hukokotwa mbali. Baadaye hurudishwa, au hupelekwa kwingine, kwa maana pale uliposimama juzi leo ni hewa tupu.

Hayo yote alinieleza kwa chupa za soda. Alizipanga juu ya meza yangu, akaweka mfuko wa sukari katikati.

"Hii mlingoti na ile, lazima waonane," alisema. "Wakionana, mtandao napita. Sasa lori anamwaga kifusi hapa katikati." Akaupigapiga ule mfuko. "Hawaonani tena. Mtandao nakufa. Mimi kazi yangu ni hiyo tu, Mama. Waonane."

"Na sukari yangu ni ya kuuza," nikamwambia. "Irudishe ulipoitoa."

Akairudisha, akafuta na meza.

Nilipomwambia mlingoti wake umesimama kando ya mume wangu, alinyanyuka akasimama wima. Alikuwa ameona mawe ya kaburi, lakini alidhani wenyewe wameshahama wote. Nikamweleza ahadi yangu, nikamtajia maneno ya marehemu, kwamba amehama vya kutosha. Alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Hata mimi, Mama," alisema mwishowe.

Siku iliyofuata aliingia, akaketi, na kabla sijamwuliza kama anataka chapati akasema, "Mzee iko." Ikawa desturi yetu. Kila asubuhi ya kazi nilimwuliza neno moja, "Mzee?" naye hunijibu, "Mzee iko." Wakati mwingine huongeza: mvua imempiga, au panya-buku amechimba kando nikamziba. Halafu anakunywa chai. Watu waliotusikia walidhani tunazungumzia mtu mgonjwa.

Tabia zake zilikuwa za mtu aliyezoea kuishi peke yake. Alifua shati lake mwenyewe, akalinyoosha kwa kulilalia chini ya godoro. Kila asubuhi alishusha mlingoti mmoja baada ya mwingine, akafuta vioo vya kamera kwa kitambaa laini alichokitunza mfukoni ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu vumbi la mawe hukwaruza. Kitambaa hicho hakukitumia kwa jambo jingine. Siku moja alimwagikiwa chai kifuani, nikamwambia, "Si una kitambaa?" Akanitazama kana kwamba nimemwambia ajifute kwa bendera.

Alikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Niliwahi kumpelekea uji alipokuwa na homa. Kitanda, jiko, msumari wa kutundikia kofia, na mlango uliotazama Wanale moja kwa moja. Hakikuwemo kitu cha mtu mwingine yeyote, wala kalenda. Nikamwuliza kama hana mtu wa kumwita. Akasema, "Nilikuwa na watu. Kila mara mimi nahama, wao nabaki. Sasa hatuonani." Nikaweka uji chini nikaondoka.

Alikuwa na vituko pia, usije ukaandika mtakatifu. Mtu huyu aliyesimamisha vyuma hadi mawinguni aliogopa kupanda. Mlingoti hupanda wenyewe, yeye alibaki chini akizungusha mkono wa mashine. Siku moja balbu ya hoteli iliungua mbele ya wateja.

"Afande," nikasema, "wewe ndiye mwenye kazi ya juu. Panda hapo kwenye benchi unibadilishie."

Akaliangalia benchi kwa muda mrefu. "Mama, hii iko juu sana."

Teksi nzima ya Tororo ilikuwa inakula pale. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na posho. Nikapanda mwenyewe, na umri wangu huu, naye akanishikia benchi kwa mikono miwili, amefumba macho.

Na kupigwa picha hakutaka. Vijana wakielekeza simu, aliweka kofia usoni. Wakamtania: "Afande, wewe unatutazama kutwa nzima, sisi tukikutazama mara moja ni kosa?" Naye alijibu, "Mimi natazama kazi. Nyinyi natazama mimi." Sikuona haki kubwa katika jibu hilo, nikamwambia hivyo hivyo. Hakubadilika.

Lakini lililomfanya akae peke yake si vituko. Ni ukweli. Niliwajua watu wengi wasiosema uongo kwa sababu wanamwogopa Mungu, na wengine kwa sababu hawana akili ya kuubuni. Yeye hakusema uongo kama vile mtu mwingine hali nyama: mwili wake uliukataa.

Kulikuwa na dereva wa lori kubwa, kijana wa Busiu, mama yake akiuza mkaa mkabala na hoteli yangu. Kijana huyo alimwaga mawe nje ya mpaka uliowekwa, karibu na mahali ambapo wenzake walikuwa wanapumzika. Hakuumia mtu. Wafanyakazi wote, pamoja na msimamizi wao, walikubaliana waseme kwamba wakati ule kamera ilikuwa imeshushwa kungoja baruti, kwa hiyo hakuna aliyeona. Lilibaki neno la Afande tu, maana ni yeye anayejua lini mlingoti ulishuka na lini ulipanda.

Mama wa dereva alikuja kumwona pale pale kwangu, mikono bado myeusi ya mkaa. Hakukaa.

"Afande, mimi ni kama dada yako. Huyu ndiye anayenilisha. Sema tu ilikuwa chini."

"Ilikuwa juu, Mama."

"Najua ilikuwa juu! Nani hajui? Nakuomba useme ilikuwa chini."

Akaitazama kofia yake. "Nitamwombea asifukuzwe. Nitasema yeye ni kijana mzuri. Lakini kamera ilikuwa juu."

Alimwombea kweli, nilithibitishiwa. Kijana alifukuzwa hata hivyo. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Busiu aliyeketi meza moja na Afande. Akiingia, mazungumzo hukatika. Wengine walimchokoza: "Tafuneni polepole, jamani, kuna ushahidi hapa." "Msiseme kwa nguvu, juu ya nguzo kuna masikio." Yeye alijibu kwa unyenyekevu uleule, "Kamera hana masikio," na hilo liliwachekesha zaidi. Mama wa mkaa alinitaka nisimhudumie. Nikamwambia hoteli yangu inauza chai kwa mwenye kiu. Akanuna, lakini mkaa aliendelea kuniuzia.

Nilikuwa nikimtazama pale pembeni, mgongo umenyooka, macho kwenye kilima. Aliwaona watu wote wa shimo lile kila siku, akijua nani amechelewa na nani anachechemea, na jioni hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia kwaheri.

Sasa, Idi. Siku moja kabla ya Idi kubwa aliniuliza, "Kesho utasalimia Mzee?"

"Lango limefungwa kwangu, nawe wajua."

"Hapana lango. Chumba cha skrini. Nimeomba injinia."

Injinia alikuwa msichana wa Mbale, mdogo kwa umri na mwenye adabu, aliyesimamia kamera zote kutoka kwenye kontena lililo nje ya shimo. Alinipokea mlangoni, akanivisha kofia ngumu juu ya mtandio wangu wa Idi, akaomba radhi kwa kufanya hivyo. Ndani kulikuwa na skrini ukutani, kila moja ikionyesha kona ya shimo. Moja ilikuwa imegeuzwa kabla sijafika. Afande aligusa kitu mezani, na kilima kikanijia kana kwamba nakikaribia kwa miguu. Nikamwona babu yako. Mawe yake yote yalikuwapo. Nyasi zimekatwa, kingo zimenyooka, na upande wa kichwa udongo umefagiliwa.

"Nani anakata nyasi?" nikauliza.

"Labda ni mbuzi, Jaja," akasema injinia; Jaja ni bibi kwa watu wa huku.

"Mbuzi huyo ana kipimo cha seremala?"

Vijana wa mle ndani wakacheka. Afande alikuwa akitazama viatu vyake, na viatu vile vilikuwa na majani makavu kwenye kamba. Nilifungua mikono mbele ya kioo kile nikasoma Fatiha, na waliokuwa wameketi wakasimama, hata wasiokuwa wa dini yangu. Yeye alivua kofia. Nilimwomba Mungu amsamehe mume wangu, na katika kumaliza nikaona nimemwombea na yule aliyesimama nyuma yangu.

Kutoka siku ile nilianza kuutazama mlingoti kwa jicho jingine. Nikiwa uani nakanda unga, ukishuka nilijua king'ora kitalia na baruti inafuata. Ukipanda tena nilijua mawe yameanguka yalikoanguka na kwamba kuna mtu kando ya babu yako. Milingoti mingine ilihama upande huu na ule. Wa kilimani haukuhama. Nilipomwuliza sababu, alisema kile ndicho kituo pekee kinachoonana na mingine yote, na maadamu kinahitajika, hakuna atakayechimba chini yake. Nilishukuru. Sikushangaa hata kidogo, na wewe usingeshangaa, maana aliyesema ni yeye.

Asubuhi moja mlingoti ulishuka, king'ora kikalia, baruti ikapigwa, vumbi likatulia. Mlingoti haukupanda.

Nilikaa kwenye kile kiti chake. Adhuhuri ilipita. Afande hakuja kunywa chai. Badala yake, alasiri, alikuja injinia, kofia ngumu mkononi, akaketi mkabala nami bila kuagiza kitu. Nikamwuliza, "Mzee?" kwa mazoea. Hakuelewa, au labda alielewa.

Alinieleza taratibu. Wao wenyewe walikuwa wamerusha ile ndege ndogo isiyo na mtu, wakapima shimo lote upya, wakagundua kwamba mlingoti ungeweza kusimama juu ya lundo la kifusi la upande wa pili na ukaonana na mingine vizuri kuliko pale kilimani. Tena haikuwa habari ya jana. Lundo lile lilikuwa limefika kimo hicho tangu zamani. Wakamwita Afande, wakamwuliza kama hakujua.

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Nilijua.' Tukamwuliza mbona kila tulipotaka kuhamisha ulituambia haiwezekani. Akasema, 'Nilisema uongo.' Hivyo tu, Jaja. Hata hakujitetea. Mimi nilikuwa nataka ajitetee."

Aliondolewa kazini siku ileile. Hakupita Busiu, alipanda gari lililokuwa likienda Jinja. Kilima sasa kilikuwa kimepangwa kuchimbwa, na injinia alikuja kuniomba, kwa heshima zote, niseme babu yako ahamishiwe wapi.

Habari ilienea kabla chai ya jioni haijachemka. Mama wa mkaa alivuka barabara, akasimama mlangoni pangu, na wateja wote wakageuka kumsikiliza.

"Kwa mtoto wangu aliye hai ulimi wa Afande ulikuwa mgumu," alisema. "Kwa mfu wako ukalainika. Nieleze, mama wa hoteli, huo ndio ukweli gani?"

Nilimpa kiti, akakikataa, akarudi kwenye mkaa wake. Neno lake limekaa nami mpaka leo, nami naona ni neno la haki. Uliandike kama alivyolisema.

Siku zilizofuata nilifungua hoteli kama kawaida. Nilitazama kilima, na kilikuwa kilima tu. Hakuna aliyeingia kuniambia kitu. Nilikuwa na ahadi niliyompa mume wangu, na ningeweza kukaa juu yake nikawasumbua wale watu kwa mashehe na wanasheria. Lakini asubuhi moja nilimimina chai kikombe kimoja zaidi, nikaelewa. Kaburi lile lilikuwa limebaki kaburi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulitazama na kuja kunipa habari. Sasa lilikuwa rundo la mawe mbele ya katapila, na mimi nyuma ya waya. Nilimtuma kijana kwa injinia, nikasema nimekubali.

Tulimhamisha asubuhi, kwa shehe na kwa utaratibu wa dini, wanangu wakimbeba. Tukamleta hapa Wanale, kwenye kiwanja nilichoachiwa na mama yangu, tukamlaza hapo mbele. Kilimani, pale miguu ya mlingoti ilipokuwa, kilikuwa kimebaki kigingi kimoja cha chuma kilichokwama kwenye mwamba. Injinia aliamuru king'olewe nipewe. Alitaka kunipa na kitu kingine. Alisema kamera zilikuwa zimehifadhi uso wa Afande, uso mtupu bila kofia, karibu kabisa, kila asubuhi alipokuwa akifuta kioo. Angeweza kunichapia picha moja. Nilimwambia asante, mwenyewe hakutaka. Nikafunga hoteli, nikahamia hapa.

Nilipokwenda Jinja kwa msiba wa ndugu yangu, nilibaki siku ya ziada nikamtafuta. Nilianzia nyuma ya kambi, maana askari wa zamani hujuana, na wakanielekeza mtaa wa Walukuba. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake. Mbele ya mlango huo, mkono ukinyoosha unagusa, kulikuwa na ukuta wa jirani. Alikuwa akitazama ukuta huo.

Alinyanyuka. Kofia ikaenda mkononi.

"Mama. Umefika mbali."

"Nimefika nilikozaliwa. Wewe ndiye uliyefika mbali. Mbona umechagua mlango unaotazama ukuta?"

"Hapa hakuna kazi ya kuangalia."

Alipika chai akanipa. Nilionja nikaiweka chini.

"Chai yako ni mbaya."

"Najua. Kwa nini unafikiri nilikuwa nakuja kwako?"

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifanya mzaha kwa makusudi, na tulikaa na mzaha huo kidogo, maana tulijua kinachofuata. Nikamwuliza kama nilivyoulizwa mimi: kwa dereva alikataa, kwetu alidanganya, kwa nini?

Mtoto wa jirani alipita kati yetu na ukuta akiviringisha tairi, akarudi, akapita tena.

"Dereva iko na mdomo," alisema. "Iko na mama, na msimamizi, na mimi nilimwombea. Mzee hana. Mimi nafuta kamera kila siku, naona jiwe yake. Nikasema, huyu amehama vya kutosha." Akaipindua kofia mikononi. "Lakini yule mama wa mkaa, haki iko kwake. Mwambie nimesema hivyo."

"Nitamwambia."

Nilimwambia, usiwe na shaka. Hakusamehe, na sikumwomba asamehe.

Kisha Afande akaniuliza. Ilikuwa zamu yake, naye alikuwa ameingoja tangu niingie. Niliiona kwenye mikono yake.

"Mzee?"

"Mzee yuko," nikasema. "Yuko Wanale, kwangu."

"Kutoka mlangoni unamwona?"

"Namwona."

"Mgomba hakuna katikati?"

"Hakuna."

"Na wakati wa mvua?"

"Hata wakati wa mvua namwona."

Akaketi. Akavaa kofia yake, akaishusha kidogo usoni, nami nikatazama ukuta ili nisimtazame yeye.

"Basi," alisema.

Nilimwambia aje Wanale. Nilimwambia mwamba hatapanda, nyumba iko chini, na kuna kiti. Akasema atakuja. Mpaka leo hajaja, na mimi nguvu za kurudi Jinja sina tena.

Sasa andika mambo ya kutunza, kwa maandishi yanayosomeka.

Kigingi kile cha chuma kimesimama upande wa miguu ya kaburi. Kipake mafuta kabla ya masika, kisiliwe na kutu. Wakikuambia ni chuma chakavu, waambie si cha kuuza.

Picha ya uso wake ikiletwa siku moja na injinia, irudishe kwa adabu. Kilichoandikwa hapa kinatosha.

Kuna kiti kibarazani, kile kinachotazama nje, ambacho nakukataza kukalia. Endelea kujikataza.

Kiwanja kitakuwa chako, na utakuja kutaka kujenga vyumba vya kupangisha, maana mji unapanda huku. Jenga nyuma ya nyumba. Jenga kando. Kati ya mlango na kaburi usijenge, usipande mgomba, usianike hata godoro. Pabaki wazi kama palivyo.

Na siku ikitokea mzee mrefu wa kaskazini amesimama langoni, kofia mkononi, akakuuliza neno moja tu, usimwulize yeye ni nani wala anatafuta nini. Mwambie, "Mzee yuko." Kisha mpeleke kwenye kile kiti, uweke chai motoni, na uiache ichemke sawasawa.